Umevuta moshi wa moto mkubwa? Hivi ndo unarudisha kifua chako

Ukikaa Mombasa waweza kudhani moto wa msitu ni habari ya watu wa mbali, sisi tuna bahari, lakini moshi hauna mpaka jamani. Kaskazi ikishaingia, Januari Februari hivi, nyasi zimekauka na watu wa Kilifi na Kwale wanachoma mashamba kuyatayarisha kwa mvua za masika, moto ukiwaponyoka unakula kichaka kizima na upepo unatuletea huku mjini. Wale wa malori na mabasi ya Nairobi wao wanaukuta barabarani, Tsavo iliwaka Agosti 2020 na Oktoba mwaka huohuo ukawaka mlima Kilimanjaro. Na umbali usiuchukulie poa, Juni 2023 moshi wa misitu ya Canada ulifika mpaka New York mbingu ikageuka rangi ya machungwa. Huku kwetu ongeza jaa la taka likishika moto, ongeza nyumba za makuti zinavoungua kwa mpigo, basi mtu anajikuta amemeza moshi usiku kucha na asubuhi anauliza sasa nfanyeje.

Mimi mamangu ana pumu, nimemuuguza miaka mingi, na majirani wakipatwa na moshi huja kuuliza kwetu. Nimeona nieleze yote pahali pamoja.

Kabla ya hatua zenyewe shika jambo moja. Mapafu yanajisafisha yenyewe. Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma ute na uchafu kwenda juu mpaka kooni, unaukohoa au unaumeza, mambo yameisha. Moshi unavilegeza vile vinyweleo, na ukiacha kuvipiga moshi vinarudi kazini pole pole, siku hata wiki. Hakuna dawa ya kuosha mapafu, anayekuuzia chupa ya kuosha mapafu anakula pesa zako. Kwa hivyo kazi yako ni kujua wakati ambao si wa kukaa nyumbani, na kuacha kuyaongezea mapafu moshi mwingine. Hiyo ya pili ndo inatushinda watu wa pwani, ntaifikia.

Hatua ya 1: Hapa ni nyumbani au ni hospitali ya Makadara?

Toka kwenye moshi kwanza. Usirudi kuokoa godoro wala TV. Ukishafika kwenye hewa safi jiangalie, au mwambie mtu akuangalie maana anayelewa moshi hajijui.

Nenda hospitali sahiyo hiyo, usingoje asubuhi, ukiwa na hata moja katika haya: sauti imekuwa ya kukwaruza au imepotea, nywele za pua au nyusi zimeungua, mdomoni na puani kuna masizi, uso umeungua, unashindwa kumaliza sentensi bila kukata pumzi, kifua kinauma au kimebana, midomo imekuwa ya bluu au ya kijivu, kichwa kinagonga sana pamoja na kutapika na kizunguzungu, umepoteza fahamu hata kama ni dakika moja tu, au unaongea mambo hayaeleweki. Na kama moto ulikuwa ndani ya chumba kimefungwa ukiwa humo humo, nenda hata kama wajiona mzima. Koo lililopigwa na moshi wa moto linaweza kuvimba baadaye, ndani ya siku moja hivi au zaidi kidogo, mtu alikuwa anaongea vizuri jioni, usiku hewa haipiti.

Halafu kuna hii hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu haina rangi, inatoka kwa kila moto, na ndiyo hiyo hiyo ya jiko la makaa lililowekwa ndani ya chumba. Inashikilia damu pahali pa oksijeni. Ukikaa kwenye hewa ya kawaida inachukua kama masaa 4 au 5 kupungua nusu, ukipewa oksijeni ya hospitali inapungua nusu ndani ya saa 1 hadi saa 1 na nusu, ndo maana nasema usikae nyumbani na kichwa kinachogonga ukijiambia kitapoa. Na kuna hii mashine ya kubana kidoleni watu wengi walinunua wakati wa korona, hiyo isikudanganye. Haiwezi kutofautisha damu yenye oksijeni na damu yenye hii sumu, itakuonyesha 98 na wewe unazimia. Kama kilichoungua ni magodoro, viti vya sponji na plastiki sema mapema kwa daktari, maana moshi wa vitu hivo una sumu nyingine ya sayanaidi na ina matibabu yake.

Kisiwani na upande wa Kisauni watu wengi wanakimbilia Coast General, Makadara tunavoiita. Uko Likoni usianze kupanga foleni ya feri na mtu anayekata pumzi, ingia hospitali ya Likoni kwanza, wakiona ni kubwa wao wenyewe watampeleka ng'ambo. Nambari za emajensi ni 999 au 112, na ukiona gari halitokei panda tuktuk, mgonjwa akae wima, usimlaze chali.

Hatua ya 2: Masaa ya kwanza nyumbani

Huna dalili zile za juu? Alhamdulillahi, basi sasa fanya hivi. Nguo zote vua mlangoni au uani, zitie kwenye mfuko au beseni la maji, usiziingize chumbani mana moshi na majivu yako kwenye nguo na utaendelea kuyavuta ukilala. Leso, kanzu, buibui, kofia, vyote. Kisha oga na sabuni mpaka nywele, wanawake wenye nywele zimesukwa mjitahidi kusuuza ngozi ya kichwa haswa.

Macho yakiwasha suuza kwa maji safi ya kunywa, yamiminike taratibu kutoka upande wa pua kwenda nje, kama dakika 15, usiyasugue. Wa lensi azitoe. Maziwa ya mama usitie, majani ya chai pia hapana.

Pua inasaidika na maji ya chumvi, lakini hapa nisikilize vizuri: maji ya kisima cha mtaani usitumie hata kama yana chumvi yake tayari. Chemsha maji ya kunywa, yaache yapoe yawe vuguvugu, kikombe kimoja tia nusu kijiko cha chai cha chumvi laini, pitisha puani umeinamia sinki, kisha penga pole pole. Kinywa nacho sukutua. Makamasi meusi na makohozi yenye weusi siku moja au mbili za mwanzo ni masizi yanatoka, hilo lenyewe halina neno. Ila weusi ukija pamoja na sauti ya kukwaruza, rudi hatua ya kwanza.

Maji kunywa, kidogo kidogo siku nzima, ute ukiwa mwepesi unatoka kirahisi. Dafu zuri, uji mwepesi, chai ya tangawizi, supu. Asali na ndimu kwa koo linalowasha ni sawa, mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Hatua ya 3: Zima moshi wa nyumbani kwako

Hapa ndo nataka tukae kidogo.

Mtu ameponea moshi wa moto, amerudi nyumbani, amelala kwenye chumba ambacho magharibi kimefukizwa udi, usiku wamewasha koili ya mbu, asubuhi jiko la makaa limepulizwa koridoni na jirani anachoma taka uani. Kisha anashangaa wiki ya pili bado anakohoa! Moshi wenyewe una chembe ndogo sana, chini ya maikromita 2.5 na unywele wa kichwa chako ni kama maikromita 70, kwa hivyo pua haizikamati, zinafika mpaka kwenye vifuko vya hewa na nyingine zinaingia kwenye damu, ndo sababu moshi unasumbua mpaka moyo. Na chembe hizo hazibagui, ziwe zimetoka msituni Shimba Hills au kwenye chetezo cha bibi yako kilichopambwa vizuri, pafu linazipokea vile vile. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 liliweka kiwango cha mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa masaa 24, chumba kidogo chenye kitu kinachofuka moshi kinapita hapo haraka sana.

Udi na ubani naujua utamu wake, nyumba ya Kiswahili bila harufu haijakamilika, na sisemi uache maisha. Nasema kwa wiki tatu nne za kupona usifukize ndani. Ukitaka nguo zinukie tundika nje barazani, fukiza huko, zikishapoa moshi ziingize. Asumini na kilua chumbani vinanukia bila moshi, na ukitaka kunukia mwilini pia kuna mafuta ya udi ya kupaka.

Koili ya mbu ndiyo mbaya kuliko watu wanavodhani. Kuna utafiti wa 2003 ulipima ukakuta koili moja ikiungua yote inatoa zile chembe ndogo sawa na sigara 75 mpaka 137. Usiku mmoja, dirisha limefungwa, watoto wako chini kwenye mkeka! Tumia neti, chomekea vizuri chini ya godoro, mama wajawazito na watoto wachanga hupewa bure kilinik.

Jiko la makaa lipeleke nje kabisa, si koridoni, liwashe huko na lisubiri moshi wa mwanzo uishe. Anayepona asiwe yeye wa kupuliza jiko wala wa kukaanga viazi karai mbele ya mlango, hii kazi achukue mwingine wiki hizo, na kama ndo biashara yake basi akae upande upepo unatokea, moshi uende mbele yake usimrudie usoni. Mwenye gesi atumie gesi. Sigara, shisha, bangi, acha, na mwenye kuvuta atoke nje ya nyumba si dirishani.

Najua si rahisi kumwambia mama mkwe asifukize, au mwenye nyumba asichome taka. Mwambie tu ni dawa, daktari amesema. Watu wetu wanaheshimu mgonjwa.

Hatua ya 4: Hewa ya chumba na majivu

Kama moshi wa nje bado uko, funga madirisha, ziba chini ya mlango na kitambaa chenye maji, lala chumba kile kisichotazama upande wa moto. Moshi ukipungua, fungua. Upepo wetu una saa zake, mchana unatoka baharini na usiku sana mpaka alfajiri unageuka unatoka bara, kwa hivyo kama kinachoungua kiko upande wa bara fungua madirisha mchana upepo wa bahari ukivuma na ufunge kabla ya kulala. Kama moto uko upande mwingine pima mwenyewe, angalia moshi unalala wapi au bendera ya shule inapepea wapi. Feni ya kawaida inakuburudisha lakini haichuji kitu, na ukiielekeza kwenye majivu ndo umemaliza.

Majivu usifagie na fagio la chelewa makavu. Yatapaa yote utayavuta. Nyunyiza maji, kusanya na kitambaa kibichi, vaa glavu na viatu, maana majivu yakilowa yanachoma ngozi. Mapazia, mazulia, miswala na foronya fua, godoro likae juani. Tangi la maji darini lichungulie kama lilikuwa wazi. Chakula kilichopigwa na moshi au joto la moto tupa, hata unga ulioko kwenye paketi. Na kama paa lililoungua ni yale mabati ya zamani ya asbesto usiyaguse wala kuyavunja, muite mwenye kazi yake.

Unapokwenda kusafisha pahali palipoungua vaa maski ya N95 au FFP2, ile yenye kushika uso vizuri, hiyo inazuia chembe kwa asilimia 94 au 95 kama imekaa sawa. Maski ya buluu ya hospitali inasaidia kidogo tu mana pembeni iko wazi, na leso iliyolowa maji haizuii hizi chembe ndogo, hata uikunje mara nne. Mwenye ndevu nyingi maski haimshiki. Na hakuna maski yoyote katika hizi inayozuia ile kaboni monoksaidi, kwa hivyo maski si ruhusa ya kuingia kwenye moto.

Hatua ya 5: Mwenye pumu

Wewe usingoje kifua kianze kulia filimbi. Inhela ya kuzuia, ile ya kila siku, kama ulikuwa umeiacha kwa sababu ulikuwa mzima, rudi kwa daktari akurudishie sahii. Ile ya buluu ya salbutamol ndiyo ya kuokoa na inafaa iwe mfukoni, si kabatini.

Watu wengi wanaipuliza vibaya dawa yote inabaki kwenye ulimi. Kile kichupa cha kupitishia dawa huna? Chukua chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita, iliyo ngumu kidogo. Ioshe na sabuni ya maji, usiisuuze sana wala kuifuta ndani, iache ikauke yenyewe imeinama, mana ukiifuta plastiki inavuta dawa ikaganda kwenye kuta za chupa. Weka mdomo wa inhela kwenye kitako cha chupa, chora kuuzunguka na kalamu. Pasha waya au ncha ya kisu moto, fanya hii kazi nje na mgonjwa awe mbali mana plastiki ikiungua inatoa moshi mbaya, kisha toboa ukifuata ule mchoro, tundu liwe dogo kuliko kubwa. Chonga taratibu mpaka inhela iingie ikae imebana, hewa isitoke pembeni. Kwangua kingo zisiwe na vipande vinavyoning'inia, pepea chupa itoke harufu, ioshe tena vile vile na uiache ikauke.

Sasa kutumia: tikisa inhela, ichomeke kwenye kile kitako, mgonjwa aweke mdomo wa chupa kinywani midomo imeziba vizuri, puliza mara moja tu, avute na kutoa pumzi za kawaida 5 au 6 hapo hapo ndani ya chupa. Tikisa tena, puliza ya pili. Mpulizo mmoja mmoja, usimpulizie minne pamoja. Akiwa amebanwa sana ni mipulizo 4 mpaka 10 hivo hivo, na unaweza kurudia kila dakika 20 ndani ya saa ya kwanza, lakini huku mnarudia muwe mshaanza safari ya hospitali. Nafuu ikija ikakata kabla ya masaa 3 au 4, hiyo pia ni hospitali. Mamangu chupa yake iko kwenye mfuko wa swala, inakwenda naye hata harusini.

Mwezi wa Ramadhani ukikukuta hivi, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Kuhusu inhela na saumu wanachuoni wana maneno tofauti, muulize shekhe wako mapema, lakini aliyebanwa apulize kwanza maswali yaje nyuma.

Hatua ya 6: Watoto, waja wazito na wazee

Mtoto hakwambii kifua kimebana, kwa hivyo hesabu pumzi zake. Awe ametulia au amelala, mfunue kifua, weka simu dakika moja kamili na uhesabu kila kifua kinapopanda. Chini ya miezi 2 ikifika 60 au zaidi, miezi 2 mpaka mwaka ikifika 50, mwaka 1 mpaka miaka 5 ikifika 40, anapumua mbio kupita kiasi, mpeleke. Na ukiona chini ya mbavu panaingia ndani kila akivuta, au hanyonyi, au amelegea, usihesabu tena, toka.

Mja mzito aliyevuta moshi mwingi aende akaangaliwe hata akiwa hana dalili kubwa, kwa sababu ile sumu ya kaboni inakaa kwenye damu ya mtoto tumboni muda mrefu kuliko kwenye damu ya mama. Aangalie mtoto anacheza kama kawaida.

Wazee wa presha, moyo na sukari, dawa zao zisikatike hata siku moja, na moto mara nyingi unaungua na dawa zenyewe, basi siku hiyo hiyo nendeni kilinik mkachukue nyingine. Mzee akisema kifua kizito, mkono unauma, jasho baridi, huo ni moyo mpaka daktari aseme sio.

Hatua ya 7: Kupumua na kukohoa

Kohoa, usizuie. Dawa ya maji ya kukata kikohozi itakufanya ulale lakini uchafu unabaki ndani. Asubuhi na jioni kaa wima, vuta pumzi puani ukihesabu mpaka 2, toa mdomoni umeibana midomo kama unapoza uji, hesabu mpaka 4. Mara tano sita. Kisha vuta pumzi ya wastani na uitoe kwa nguvu mdomo wazi, "haaa", mara mbili tatu, ute utapanda bila kukuchuna koo. Ukiona kizunguzungu acha upumzike.

Lala na mto wa juu kidogo. Usingizi ni dawa, na kama usiku unashtuka unasikia harufu ya moshi ambayo haipo, moyo unakwenda mbio, hilo linatokea kwa watu wengi waliotoka kwenye moto, ongea na mtu unayemwamini, na likiendelea wiki kadhaa mwambie daktari nalo. Kusahau sahau, kuchanganyikiwa au kichwa kurudi tena baada ya siku nyingi pia kaseme, ile kaboni inaweza kuacha athari zinazokuja kwa kuchelewa.

Hatua ya 8: Mambo ya mtaani

Maziwa. Fundi wa kuchomelea anakunywa paketi ya maziwa jioni, mbeba saruji naye, na kila moto ukitokea kuna mtu anakimbilia dukani. Maziwa yanakwenda tumboni, hayafiki kwenye mapafu, hayaoshi moshi. Ni chakula kizuri, kunywa ukipenda, lakini usiyafanye ndo matibabu ukamwacha mtu nyumbani amebanwa.

Kujifukiza na mwarobaini au mkaratusi chini ya blanketi, mvuke unalegeza kamasi ya puani kidogo, lakini hausafishi mapafu, mwenye pumu unaweza kumbana zaidi, na kila mara kuna mtoto anayemwagikiwa na sufuria. Mtoto usimfukize. Mtu mzima akitaka avute mvuke wa maji ya moto matupu, kikombe mezani, basi.

Antibiotiki za kununua duka la dawa, vidonge vinne vinne, hapana. Moshi si kijidudu. Ukipata homa na makohozi ya njano au kijani siku kadhaa baadaye, hapo nenda upimwe, inaweza kuwa nimonia.

Hatua ya 9: Kurudi kazini na mazoezini

Siku za mwanzo usikimbie, usibebe magunia, usicheze mpira hata kama timu ina mechi. Anza kutembea pahali pa tambarare, Mama Ngina pale Lighthouse jioni upepo wa bahari ukivuma ni pazuri, au ufukweni, si Digo Road kwenye moshi wa matatu. Kipimo chako ni maneno: unatembea na bado waweza kusema sentensi nzima bila kuhema, sawa, siku inayofuata ongeza kidogo. Ukikohoa mfululizo au kifua kikabana rudi nyuma. Mwenye kazi ya bandarini, ya makaa au ya kuchomelea aombe kazi nyepesi kwanza, na apate karatasi ya daktari ya kumwonyesha bosi, mana bila karatasi utaonekana mvivu.

Wengi wanakuwa sawa ndani ya wiki moja mbili. Kikohozi kikipita wiki 2 nenda kilinik, na uende na maelezo umeyaandika: siku ya moto, ulivuta masaa mangapi, ndani au nje, kiliungua nini, dawa unazotumia, kama umevuta sigara maishani. Waombe wakupime jinsi unavyopuliza pumzi kama mashine wanayo. Na usiache kupima TB kwa kusema huu ni moshi tu najua, moto na TB vinaweza kumkuta mtu mmoja. Makohozi mazuri ni ya asubuhi, ukishaamka, sukutua na maji kabla ya kula, kohoa kutoka kifuani si mate, tia kwenye kile kikopo walichokupa, funga, wapelekee siku hiyo hiyo. Hospitali za serikali matibabu ya TB ni bure.